Kusoma undugu wa spishi katika jamii ya viumbe: mwongozo kamili kwa mfano wa mikoko ya pwani

Anayeingia katika mikoko ya Lamu, ya Ghuba ya Gazi au ya delta ya Rufiji wakati maji yamekupwa huona kwanza mpangilio wake. Mara nyingi mililana husimama mbele kabisa ikitazamana na bahari. Mikoko yenyewe hufuata, ikiwa imejikita topeni kwa mizizi mirefu kama magongo. Misinzi na mikandaa hushika katikati, na kikandaa hukaa nyuma karibu na nchi kavu. Mpangilio huo umeelezwa mara nyingi kwa kutaja chumvi, tope na kina cha maji. Swali linaloulizwa mara chache zaidi ni hili: miti inayokaa pamoja katika sehemu moja ina undugu wa karibu kiasi gani, na undugu huo unatuambia nini kuhusu sababu ya kukaa pamoja?

Mwaka 1859 Charles Darwin alieleza kwamba spishi za jenasi moja, kwa kuwa hufanana katika mahitaji na maumbile, hugombana vikali zaidi kuliko spishi zilizo mbali kinasaba. Hoja hiyo ikiwa ndiyo yenye nguvu, ndugu wa karibu watafukuzana na jamii itabaki na spishi zisizohusiana sana. Lakini upo upande wa pili. Ndugu hurithi sifa zilezile, na mahali pagumu panapodai sifa fulani patakusanya wale walioirithi. Kwa hiyo nguvu mbili huvuta pande mbili tofauti, na kazi ya mwongozo huu ni kukuonyesha namna ya kupima ni upande upi unaoonekana mahali unapopachunguza. Hesabu za mwanzo zinahitaji karatasi na kalamu tu. Nimechagua mikoko kwa sababu spishi zake ni chache, majina yake ya Kiswahili yanajulikana, na matokeo yake yanamfundisha mtu tahadhari mapema.

Hatua ya kwanza: Weka mipaka ya orodha kuu

Kabla ya kwenda uwandani, andika orodha ya spishi zote ambazo zingeweza kufika mahali unapopima. Hii ndiyo orodha kuu, na ndiyo uamuzi mzito kuliko wote utakaoufanya, kwa kuwa kila hesabu inayofuata italinganishwa nayo. Kwa pwani ya Kenya orodha ya kawaida ya mikoko ina spishi 9: mkoko (Rhizophora mucronata), msinzi au muia (Bruguiera gymnorhiza), mkandaa (Ceriops tagal), mchu (Avicennia marina), mlilana (Sonneratia alba), mkomafi (Xylocarpus granatum), mkomafi dume (Xylocarpus moluccensis), kikandaa (Lumnitzera racemosa) na msikundazi (Heritiera littoralis).

Baadhi ya wataalamu huongeza Pemphis acidula, kichaka cha miamba ya matumbawe. Ukikiongeza, mlilana unapata ndugu wa familia moja ambaye hapo awali hakuwapo, na tarakimu zote hubadilika. Hakuna kosa katika kukiongeza wala katika kukiacha, mradi uamue kabla ya kuona matokeo na uandike sababu yako. Vivyo hivyo, ukiulinganisha mkusanyiko wa mikoko na miti yote ya pwani, pamoja na mbuyu, mkwaju na mbambakofi, unauliza swali jingine kabisa: unauliza ni nani aliyeweza kuingia katika maji ya chumvi, badala ya kuuliza ni nani anayekaa na nani ndani ya maji hayo.

Hatua ya pili: Pima viwanja

Chagua siku za bamvua, kwa maana hapo ndipo maji hupwa mbali na tope la mbele hufikika. Vuta kamba kutoka ukingo wa bahari hadi nchi kavu, ukiukata mpangilio wa miti badala ya kuufuata, kisha weka viwanja vya mita 10 kwa 10 kwa umbali uliolingana kando ya kamba hiyo. Katika kila kiwanja andika spishi ya kila mti na mzingo wa shina kwa kimo cha mita 1.3; kwa mkoko, ambao mizizi yake huweza kuanzia juu kuliko hapo, pima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Miche ihesabiwe peke yake. Mche uliofika unaonyesha tu kwamba mbegu ilifika. Mti mkubwa unaonyesha kwamba mahali pale palikubali uishi, na tofauti hiyo itakufaa baadaye.

Hatua ya tatu: Tafuta nasaba ya kila spishi

Hapa ndipo wengi hujikwaa, kwa kuwa jina na sura havitoshi. Kikandaa husikika kama mdogo wake mkandaa, lakini mkandaa ni wa familia ya Rhizophoraceae na kikandaa ni wa Combretaceae, familia iliyo katika oda (kundi la familia) nyingine. Mkomafi na mkomafi dume, kwa upande mwingine, ni ndugu kweli, wa jenasi moja. Majina ya wavuvi na wakata boriti yana ujuzi mkubwa ndani yake, nami nayathamini sana, ila ujuzi huo ni wa sura, matumizi na mahali mti unapoota. Haukukusudiwa kuwa daftari la nasaba.

Vitabu vya zamani navyo vitakupotosha. Mchu uliwahi kuwekwa katika Verbenaceae na pia katika familia yake peke yake, mlilana ulikuwa na familia yake, na msikundazi ulikuwa katika Sterculiaceae. Uchunguzi wa DNA umebadilisha hayo yote. Tumia APG IV, mpangilio wa kimataifa wa familia za mimea inayotoa maua, uliotolewa mwaka 2016, na utapata picha hii: mkoko, msinzi na mkandaa ni Rhizophoraceae, oda ya Malpighiales; mlilana ni Lythraceae na kikandaa ni Combretaceae, wote wawili katika oda ya Myrtales; mikomafi miwili ni Meliaceae, oda ya Sapindales; msikundazi ni Malvaceae, familia ya mbuyu, oda ya Malvales; na mchu ni Acanthaceae, oda ya Lamiales. Zote hizo ni za kundi kubwa la mimea kama mwaridi, isipokuwa mchu, ambao ni wa kundi la mimea kama alizeti. Makundi hayo mawili yalitengana zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita.

Tayari kuna jambo la kutafakari. Spishi 9 tu zimetoka katika jenasi 8, familia 6 na oda 5. Chumvi na tope lisilo na hewa ni chujio kali kuliko mengi yanayojulikana duniani, na mtu angetazamia likusanye ukoo mmoja. Badala yake limekusanya koo zilizo mbalimbali, kwa sababu uwezo wa kuvumilia maji ya bahari umezuka mara kadhaa, kila ukoo kwa njia yake.

Hatua ya nne: Geuza undugu kuwa umbali

Njia kamili ni kutumia mti wa nasaba wenye tarehe, ambapo umbali kati ya spishi mbili hupimwa kwa mamilioni ya miaka. Kwa kujifunza, ngazi za mpangilio wa mimea zinatosha. Spishi mbili za jenasi moja zipewe umbali wa 1. Za familia moja lakini jenasi tofauti, 2. Za oda moja lakini familia tofauti, 3. Za kundi moja kubwa lakini oda tofauti, 4. Na za makundi makubwa tofauti, 5.

Kwa spishi 9 jozi zote ni 36. Mikomafi miwili ni jozi moja yenye umbali wa 1. Mkoko, msinzi na mkandaa hutoa jozi tatu zenye umbali wa 2. Mlilana na kikandaa ni jozi moja yenye 3. Mchu na kila spishi nyingine ni jozi nane zenye 5. Zilizobaki, jozi 23, zina umbali wa 4. Jumla ni 142, na wastani kwa jozi ni 3.94. Hiyo ndiyo tarakimu ya kulinganishia, kwa kuwa mkusanyiko wowote uliochaguliwa kwa kura kutoka katika orodha hii, uwe wa spishi tatu au saba, utakuwa na wastani unaotarajiwa wa 3.94.

Hatua ya tano: Hesabu kila kiwanja na ulinganishe na bahati

Tuseme kiwanja cha mbele kina mlilana, mkoko na mchu. Umbali wa jozi zake ni 4, 5 na 5, na wastani ni 4.67. Kiwanja cha katikati kina mkoko, msinzi na mkandaa. Jozi zote zina 2, na wastani ni 2. Mtu mwenye haraka angetangaza papo hapo kwamba mbele ndugu wanafukuzana na katikati ndugu wanakusanyika. Asubiri kidogo. Wastani peke yake hausemi lolote mpaka ujue bahati tupu ingeweza kuutoa mara ngapi.

Kuchagua spishi 3 kati ya 9 kunawezekana kwa njia 84. Ukizipitia zote, utaona kwamba ni moja tu inayotoa wastani wa 2, yaani ile ya mkoko, msinzi na mkandaa. Nafasi yake kwa kura ni 1 kati ya 84, karibu asilimia 1.2. Kiwanja cha katikati kwa hiyo kina mkusanyiko wa ndugu usioelekea kuwa wa bahati. Lakini wastani wa 4.67 wa kiwanja cha mbele hutokea katika njia 23 kati ya 84, zaidi ya robo. Tarakimu ile iliyoonekana kubwa ni ya kawaida kabisa, kwa sababu mchu ukiingia popote huuvuta wastani juu.

Sasa fanya jaribio moja zaidi, ambalo kwa maoni yangu lina faida kuliko kurasa nyingi za nadharia. Ongeza mchu mmoja katika kiwanja cha katikati. Wastani unapanda kutoka 2 hadi 3.5. Njia za kuchagua spishi 4 kati ya 9 ni 126, na zinazotoa wastani wa 3.5 au chini yake ni 24, yaani asilimia 19. Ushahidi wa mkusanyiko wa ndugu umeyeyuka kwa mti mmoja, hali ndugu watatu wangali wamesimama palepale. Ndiyo maana inafaa kuhesabu kipimo cha pili pamoja na cha kwanza: kwa kila spishi tafuta umbali wa ndugu yake wa karibu zaidi ndani ya kiwanja, kisha pata wastani. Wastani wa jozi zote husikiliza matawi ya kale ya mti wa nasaba. Wastani wa ndugu wa karibu husikiliza vitawi vya ncha. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, kutofautiana huko ni habari, wala hakuna haja ya kuificha. Kwa sababu hiyohiyo usitoe hukumu kwa kiwanja kimoja. Pima vingi, na utazame mwelekeo wa vyote kwa pamoja.

Hatua ya sita: Pima sifa kabla ya kutaja sababu

Dai la kwamba ndugu hufanana ni dhana, na kila dhana hujaribiwa. Andika kwa kila spishi sifa unazodhani zinaamua mahali inapoishi, kisha uangalie kama zinafuata ukoo.

Anza na uzao. Kwenye mkoko, msinzi na mkandaa mbegu huota ingali juu ya mti; utaona mche wa kijani kama fimbo ndogo ukining'inia chini ya tunda, tayari kujichomeka topeni au kuelea. Sifa hii inafuata ukoo vizuri. Mbegu ya mchu nayo huanza kuota mapema, lakini hubaki ndani ya ganda la tunda hadi lianguke.

Nenda kwenye mizizi, na hadithi inageuka. Mchu na mlilana, zilizo katika makundi makubwa tofauti, zote husimamisha topeni mizizi ya kupumulia. Ya mchu ni myembamba kama penseli, ya mlilana ni minene zaidi na imechongoka. Mikomafi miwili, ndugu wa jenasi moja, hutofautiana: mkomafi una mizizi kama mbao zilizosimamishwa kwa ubavu zikijipinda juu ya tope, na mkomafi dume una mizizi ya kuchomoza. Anayehukumu undugu kwa mizizi atakosea mara mbili.

Kisha chumvi. Chuma jani la mchu asubuhi ya kiangazi, ulitazame kwa karibu hadi uone chembechembe nyeupe zinazometa, kisha uliguse kwa ulimi. Mchu huruhusu chumvi kiasi kuingia na kuitoa kwa tezi za majani. Mkoko huizuia kwa sehemu kubwa mizizini. Tatizo ni moja, majibu ni mawili, na kila jibu limetoka katika ukoo wake.

Hatua ya saba: Taja sababu kwa tahadhari

Ukiwa na vipimo vya undugu na vya sifa pamoja, unaweza kuanza kueleza. Ndugu wakikusanyika na sifa muhimu ikafuata ukoo, chujio la mazingira ni maelezo yenye nguvu. Cam Webb alipochunguza viwanja 28 vya msitu wa mvua huko Borneo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2000, aliona kwamba miti iliyokaa pamoja ilikuwa na undugu wa karibu kuliko bahati ingetoa, na kazi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya utafiti wa namna hii. Miaka minne baadaye Jeannine Cavender-Bares na wenzake walionyesha kinyume chake kwa spishi 17 za mialoni ya Florida, Marekani: mialoni iliyokaa pamoja ilielekea kutoka katika matawi tofauti ya ukoo, kwa kuwa sifa za kuvumilia ukame na moto zilikuwa zimezuka upya katika kila tawi.

Hapa kwetu mfano wa miombo unafaa kuwekwa kando ya mikoko. Katika miombo miti inayotawala ni ya jenasi za Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia, zote za jamii ndogo moja ndani ya familia ya kunde. Ndugu hao wamejaza eneo kubwa pamoja, na sifa mojawapo wanayoshiriki ni ushirika wa mizizi yao na kuvu wa aina ambayo miti mingi ya kitropiki haina. Baadhi ya uyoga unaookotwa miomboni baada ya mvua za kwanza ndio matunda ya kuvu hao. Chujio, basi, si lazima liwe ukame au chumvi. Linaweza kuwa mshirika aliye chini ya ardhi.

Maadui nao huvuta upande wao. Mwaka 2007 Gregory Gilbert na Campbell Webb (Cam yuleyule) walionyesha, kwa majaribio ya kuvu wa magonjwa kwenye majani ya miti ya Panama, kwamba kadiri spishi mbili zinavyokuwa mbali kinasaba ndivyo uwezekano wa kuugua ugonjwa mmoja unavyopungua. Mti uliozungukwa na ndugu zake umezungukwa pia na magonjwa ya ndugu zake.

Tahadhari ya mwisho katika hatua hii ilitolewa na Margaret Mayfield na Jonathan Levine mwaka 2010: ushindani wenyewe unaweza kukusanya ndugu. Ikiwa ukoo mmoja wote ni mrefu na hufunika wengine kwa kivuli, washindi watakuwa ndugu, na mtafiti atakayeona mkusanyiko huo atausingizia mazingira. Kwa hiyo usiandike kwamba mkusanyiko wa ndugu ni uthibitisho wa chujio. Andika kwamba unaafikiana nalo, kisha utaje ni jaribio gani lingetenganisha maelezo hayo mawili, kwa mfano kupanda miche ya mchu katikati ya mikandaa, mingine kivulini na mingine mahali palipofyekwa.

Hatua ya nane: Hamia kwenye kompyuta

Orodha ikizidi spishi 20, kalamu haitoshi. Programu ya R ni ya bure, na kifurushi chake kiitwacho picante hufanya hesabu zote hizi: mpd kwa wastani wa jozi, mntd kwa ndugu wa karibu, na ses.mpd kwa kulinganisha na kura 999 au zaidi. Mti wa nasaba wenye tarehe unaweza kuutoa kwa kifurushi cha V.PhyloMaker ukiwa na orodha ya spishi, jenasi na familia. Angalia alama za jibu: katika picante tarakimu hasi ina maana ya ndugu kukusanyika, ilhali faharasa ya Webb iitwayo NRI hugeuza alama hiyo. Nimeona hitimisho zima la ripoti likipinduka kwa sababu ya alama hiyo moja. Angalia pia kama umeamuru wingi wa miti uhesabiwe. Mlilana 40 na mkoko mmoja katika kiwanja kimoja si sawa na spishi mbili zilizolingana.

Kutumia matokeo katika kukata na kupanda

Ukataji wa miti pia hufuata nasaba. Boriti za Lamu na Rufiji, ambazo kwa karne nyingi zilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, zilitoka zaidi kwa mkoko, msinzi na mkandaa, yaani kwa ukoo mmoja. Magome ya ukoo huohuo yalitafutwa kwa ajili ya kutengenezea ngozi na rangi. Mkoko mkubwa uliokatwa shina hauchipui tena, ilhali mchu huchipua. Kwa hiyo katika eneo lililokatwa sana, mtawanyiko wa kinasaba (yaani kukaa pamoja kwa spishi zilizo mbali kinasaba) unaoonekana leo huenda ukawa alama ya shoka, na usomwe hivyo kabla haujapewa maelezo ya ushindani wa asili. Hesabu visiki, uvitambue kwa spishi, na ufanye hesabu mara mbili: bila visiki, na pamoja navyo.

Kwa wanaopanda upya, mche wa mkoko huvutia kwa kuwa ni rahisi kuokota na kuchomeka, na mashamba mengi ya upandaji huishia kuwa ya mkoko mtupu. Sonneratia alba imeshaonyesha katika pwani ya Kenya hatari ya mdudu mmoja kumshambulia mwenyeji mmoja: mabuu ya nondo Salagena discata hupekecha matawi yake hadi yakauke, na mlilana mmoja baada ya mwingine hubaki na vilele vikavu. Kabla ya kupanda, chukua orodha ya viwanja vya karibu ambavyo havijakatwa, katika kina kilekile cha maji na tope lilelile, uhesabu wastani wa undugu wa viwanja hivyo, na uchague miche itakayokupeleka kwenye wastani huo. Mbele ambapo viwanja vya asili vina mlilana, mchu na mkoko, panda vyote vitatu. Katikati ambapo ndugu watatu wa Rhizophoraceae hukaa pamoja kwa asili, usilazimishe mchanganyiko usiokuwapo. Rudia vipimo kila mwaka kwenye bamvua la mwezi uleule, miche ikiandikwa mbali na miti mikubwa, uone ni nani anayefika bila kupandwa.